Barua ya Mlimba na gitaa la fazi

Wimbo wetu ulitoka kwenye barua. Mwaka 1972 kaka yake mpiga gitaa la solo wa bendi yetu alikuwa kwenye ujenzi wa reli ya TAZARA, kipande cha Mlimba kwenda Makambako, ambako Wachina na Watanzania walikuwa wakitoboa milima na kujenga madaraja juu ya mabonde. Reli nzima, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ni kilomita 1,860, lakini waliofanya kazi huko watakuambia kuwa kipande hicho ndicho kilichokula jasho la watu. Barua ilisema milimani ni baridi, mvua haikatiki, na mama asimweke kwenye hesabu ya Idi. Mpiga solo aliisoma kwa sauti mazoezini, akaikunja, akaitia mfukoni. Hakuna aliyesema tutunge wimbo. Jioni ile ile alianza kupapasa gitaa kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Tulikuwa vijana watano, mimi nikipiga ridhim. Bendi yetu ilikuwa ya bugi, yaani dansi la vijana la Jumapili mchana, ambalo kumbi kama Arnautoglu pale Mnazi Mmoja zililifahamu vizuri. Muziki wa soul ulikuwa umepigwa marufuku Dar es Salaam tangu Novemba 1969, na bendi za kaka zetu zilikwisha kuanza kutafuta njia nyingine. Sisi tuliokuja nyuma yao tulikariri Jimi Hendrix, Santana na Deep Purple kutoka kwenye santuri za kuazima, noti kwa noti. Vyombo tulikodi. Cha kwetu wenyewe kilikuwa kifaa cha fazi, kile cha kukanyaga kwa mguu kinachokwaruza sauti ya gitaa, na tulikitunza kuliko viatu vyetu.

Maneno ndiyo yaliyotusumbua. Mistari mingi ya roki tuliyoikariri ilimalizika kwa kishindo: neno la mwisho linatua pale pale dramu inapopigwa. Kiswahili hakikubali hivyo. Mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ukilazimisha kishindo kwenye silabi ya mwisho, mwimbaji anasikika kama mgeni anayejifunza lugha. Tulihangaika na jambo hilo wiki nyingi. Dawa aliipata mpiga solo: mwimbaji amalize mstari kabla ya dramu, silabi ya mwisho aiachie ishuke yenyewe, kisha kishindo kichukuliwe na gitaa la fazi. Tangu hapo gitaa likawa mtu wa pili katika wimbo. Mwimbaji anasoma barua, gitaa linamjibu kwa niaba ya mama. Hadi leo naamini ugunduzi ule ulikuwa mkubwa kuliko solo yoyote tuliyowahi kupiga, na nimewasikia vijana wa leo wakihangaika na tatizo lile lile bila kujua kwamba liliwahi kutatuliwa.

Mdundo ulitoka barabarani. Tulifanyia mazoezi Ilala, na mchana mmoja mdundiko ulipita nje, ngoma ya Wazaramo ya kumtoa mwali, umati ukitembea nyuma ya ngoma. Mpiga dramu aliweka vijiti chini akaenda kusimama mlangoni mpaka msafara ukapotea. Aliporudi aliuacha mpigo wa kizungu juu, kwenye matoazi, na ule wa mdundiko akaushusha kwenye dramu kubwa. Hakutueleza kitu. Besi ilimfuata, nami nikaifuata besi.

Ili wimbo urekodiwe Redio Tanzania Dar es Salaam, maneno yalipitiwa kwanza. Tulimkuta mzee mmoja mjuzi wa mashairi. Tukamwamkia, akaitika, akaivuta karatasi yetu karibu na miwani na kuanza kuhesabu kwa vidole. "Wanangu, ubeti wa tatu mmeupunguza. Mstari wa mwisho una mizani sita, wenzake wana nane." Mwimbaji wetu akasema huo si utenzi, mzee, ni roki. Yule mzee hakukasirika. Alimwuliza tu kama roki ina haki ya kuchechemea. Tuliongeza neno "mama" mwishoni mwa mstari, mizani ikatimia, na neno hilo ndilo watu waliloliimba pamoja nasi kwenye madansi miaka yote iliyofuata.

Studio ilikuwa Barabara ya Pugu, ambayo sasa ni Barabara ya Nyerere. Watu waliozoea kurekodi leo, kila chombo peke yake, hawawezi kuielewa siku ile mpaka waelezwe: wote tulipiga kwa mpigo mmoja, sauti zikaingia kwenye kanda zilivyo, na akikosea mmoja mnaanza upya wote. Hakukuwa na kupandisha gitaa baadaye. Kwa hiyo fundi mitambo alichanganya sauti kwa miguu yetu. Dramu aliisogeza mbali, ukutani. Amplifaya ya solo aliigeuza itazame pembeni, maana fazi ilikuwa ikiingia kwenye maikrofoni ya mwimbaji na kumfunika. Ilipofika sehemu ya gitaa kujibu, mwimbaji alirudi nyuma hatua mbili huku akishusha sauti, na gitaa likajaza nafasi aliyoiacha. Kisha anarudi mbele. Ukiisikiliza kanda ile kwa makini utasikia chumba chenyewe kikibadilika. Kwenye chemko, sehemu ya wimbo inayochangamka, mdundiko ulipokolea, fundi alikuwa akitikisa kichwa nyuma ya kioo, nami nikajua kuwa hiyo ndiyo itakayobaki.

Wimbo ulipigwa redioni, ukaombwa kwenye vipindi vya salamu. Santuri haikutoka. Nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zilizotaka santuri zilitazama nje, na Sunburst, wenzetu wa Dar es Salaam waliokuwa mbele yetu sote kwa roki, walitoa santuri yao ndefu, Ave Africa, huko Zambia mwaka 1976. Mwaka 1977 mpaka wa Kenya ukafungwa, na njia ya kwenda kurekodi Nairobi nayo ikazibwa. Bendi yetu ilikuwa imeshavunjika. Mpiga dramu na mpiga solo wamefariki.

Kanda za enzi zile mara nyingi ziliandikwa jina la bendi na jina la wimbo, basi. Nani alipiga besi, nani alitunga, nani alikuwa kwenye mitambo, hayo yamebaki vichwani mwa wazee, na wazee wanaondoka. Wewe mwenye baba, mjomba au jirani aliyepiga muziki miaka ya sitini na sabini, mwekee wimbo wake autambue, kisha chukua kalamu uandike majina anayokutajia. Fanya hivyo mwaka huu.