Intaneti ya Nyumbani na Haki ya Kipimo

Katika nyumba nyingi za mijini, ada ya intaneti imeingia katika hesabu ya mwezi pamoja na unga, maji na umeme. Kwetu sisi, hapa Dar es Salaam, ndiyo darasa la binti yetu anayehifadhi Qur'an kwa mwalimu aliyeko Zanzibar, na ndiyo njia ya bibi yake kumwona mwanawe aliyeko Muscat kila Ijumaa.

Tulilipa gharama ya kuunganishwa na ada ya mwezi, tukaahidiwa huduma usiku na mchana. Mafundi walikuja na haraka zao. Waliushusha waya kutoka kwenye nguzo ukaning'inia juu ya mlango wa uani, wakaupenyeza dirishani, wakaukunja kwenye kona ya ukuta mithili ya kamba ya kuanikia nguo, kisha wakaubandika kwa solotepu.

Waya huo si wa shaba. Ndani yake mna uzi wa kioo mwembamba kama unywele, na mawasiliano hupita humo kwa mwanga. Ukikunjwa kupita kiasi, mwanga huvuja. Kichwa chake kikiingia vumbi, mwanga hufifia. Basi kila dirisha lilipofungwa, taa nyekundu iliwaka, na darasa likakatika.

Hasara yake haikuwa ndogo. Mtoto alibaki akisoma peke yake, asijue kama amekosea. Kosa la matamshi likirudiwa siku tatu bila kusahihishwa hukaa ulimini, na kuling'oa huwa kazi kubwa. Kila tulipopiga simu tuliambiwa tusubiri. Ada, hata hivyo, haikusubiri.

Hatusemi kwamba kila hitilafu ni dhuluma. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom iliharibika chini ya bahari, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na kwa majirani. Hapo mteja muungwana husubiri. Lakini waya uliokunjwa dirishani hauna uhusiano na bahari.

Suratul Mutaffifin inawaonya wanaopunja vipimo. Wengi wetu tukiisikia humfikiria muuza mchele na pishi yake. Lakini anayeuza mwezi mzima akatoa nusu yake, naye amepunja. Na haki hiyo inatuhusu sisi pia: kijana anayepokea simu si aliyeufunga waya ule, hivyo tuliwakataza watoto wetu kumsemea maneno makali.

Badala yake tuliandika siku na saa za kila katizo, tukaupiga picha waya, tukapeleka malalamiko kwa maandishi. Akaja fundi mwingine, akavuta waya mpya ndani ya bomba la plastiki, akauzungusha kona taratibu bila kuukunja. Darasa sasa limetulia, alhamdulillah. Fedha za siku zilizopotea hazijarejeshwa, na bado tunazidai.

Tunawausia wazazi wenzetu: ulizeni waya utapita wapi kabla ya kulipa, simameni na fundi hadi amalize, na tunzeni kumbukumbu. Anzeni kwa mtoa huduma. Msiporidhika, fikeni TCRA. Kudai haki kwa adabu si ugomvi. Nanyi mafundi, kazi mnayoiacha ukutani mwa watu ni amana. Mwenyezi Mungu atujaalie kuitimiza. Amin.