Amri Isiyokamilika

Desemba iliyopita nilikaa siku nne katika karakana ya mdogo wangu, ambaye kazi yake ni kutengeneza na kupima vifaa vya elektroniki. Mimi ni mkufunzi wa mbinu za kufundishia sayansi, wala si fundi. Nilikwenda kupumzika tu. Siku ya pili aliniketisha mbele ya kompyuta iliyounganishwa kwa waya na multimita, akanitaka niiamuru ipime volti za betri pasipo kuigusa. Niliandika MEASU:VOLT:DC? nikaituma. Chombo kilitoa mlio mmoja, kisha kikanyamaza. Nikaituma tena vile vile, na mara ya tatu nikabonyeza kwa nguvu zaidi, kana kwamba nguvu za kidole zingefika upande wa pili wa waya.

"Kaka, usiigombeze," alisema. "Iulize."

Kuuliza kwenyewe ni kuandika SYST:ERR? Jibu likaja papo hapo: nambari -113, pamoja na maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba amri hiyo haijulikani. Nikauliza tena, nikapewa kosa la pili. Tena, la tatu. Makosa yangu yote yalikuwa yamepangwa foleni, la kwanza kuingia likiwa la kwanza kutoka, hata mwisho nikapewa 0, yaani hakuna kosa lililobaki.

Ndugu mwanachuo, yamkini unajiuliza haya yanakuhusu nini wewe utakayefundisha darasa la tatu. Nivumilie kidogo.

Mwaka 1975 huko Marekani ilitolewa kanuni iitwayo IEEE 488, iliyotokana na kazi ya kampuni ya Hewlett-Packard. Kanuni hiyo ilieleza namna ya kuunganisha vyombo vya kupimia na kompyuta. Waya zikapatana, ila maneno hayakupatana: kila kiwanda kilikuwa na amri zake. Mwaka 1987 kanuni ya 488.2 iliweka amri chache za pamoja zinazoanza na nyota, kama *IDN?, ambayo hukitaka chombo kijitambulishe. Ndipo mwaka 1990 ikatolewa lugha iitwayo SCPI, ili volti ziombwe kwa maneno yale yale, awaye yote aliyekiunda chombo.

Katika vitabu vya lugha hiyo amri huandikwa MEASure:VOLTage:DC? Herufi kubwa zaonyesha umbo fupi, na neno zima ni umbo refu. Waweza kutuma MEAS au MEASURE, hata kwa herufi ndogo, lakini si kitu cha katikati. MEASU yangu haikuwa hiki wala kile. Baada ya jina la amri huachwa nafasi, na tarakimu zifuatazo hutengwa kwa mkato. MEAS:VOLT:DC? 10,0.001 maana yake ni kupima katika kiwango cha volti 10, kwa usahihi wa kutofautisha sehemu moja ya elfu ya volti. Alama ya kuuliza ndiyo iombayo jibu.

Lililonichoma hasa ni nukta mbili. Amri za SCPI zimepangwa kama mti, na kila nukta mbili huteremka tawi moja. Ukitaka kutoa amri mbili katika mstari mmoja, huzitenga kwa nukta na mkato: VOLT:DC:RANG 10;RES 0.001. Chombo huichukulia RES kuwa ingali katika tawi lile lile la VOLT:DC, na ndivyo ulivyotaka. Lakini ukitaka kuhamia tawi jingine, sharti amri ya pili ianze na nukta mbili, kukirudisha chombo shinani. Usipoiweka, kitabaki pale pale ulipokiacha. Na kitakuwa hakikukosea.

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilifundisha hisabati darasa la nne. Kitabu kimoja kilisomwa na watoto wanne. Nilisema, "Fungueni kitabu ukurasa wa 34. Choreni pembetatu ya kwanza." Msichana mmoja wa dawati la mbele alichukua kalamu ya wino akaichora pembetatu vizuri sana, ndani ya kitabu. Nilimtoa nje, akasimama juani mpaka kengele ilipolia. Sikumwuliza neno. Yeye naye hakusema neno, bali alinitazama mara moja tu, akatoka.

Nilikuwa nimemfungulia kitabu, nami sikumwambia atoke humo. Neno "katika daftari zenu" lilikuwa kichwani mwangu, na huko ndiko lilikobaki. Ilinichukua miaka kumi na mmoja, na kifaa kisicho na roho, kuliona kosa hilo kuwa langu.

Sidai kwamba mtoto ni chombo. Chombo ukikipa *CLS hufuta makosa yote foleni, kikawa kama hakikuona kitu. Kwa mtoto sijapata kuijua amri ya namna hiyo. Tena chombo ukikiuliza kosa hukutajia. Darasa letu ukiliuliza, "Mmeelewa?" huitikia kwa sauti moja, "Ndiyo, mwalimu!", na jibu hilo halina habari yoyote ndani yake. Afadhali kumwambia mmoja, "Hebu tueleze, utaandika nini, na wapi?" Hapo foleni huanza kutoka, kosa moja moja.

Katika mazoezi ya kufundisha yajayo nitakaa nyuma ya darasa, kama kawaida. Safari hii sitaanza na andalio la somo. Nitaandika kila agizo utakalolitoa, neno kwa neno, na pembeni yake nitaandika kile walichokifanya watoto watatu wa dawati lililo karibu nami. Jioni tutaketi tuisome karatasi hiyo pamoja, nami nitaleta na yangu ya somo lile la pembetatu, kwa kadiri ninavyolikumbuka.