Usione Vyaelea, Vimeundwa: Mtumbwi wa Uani Ukerewe

Akina mama wenzangu, methali hii tumeijua tangu shule ya msingi, lakini wengi wetu hatujawahi kukiona chombo kinavyoundwa. Tunaona samaki mezani, au dagaa kwenye sinia sokoni, basi. Chombo kilichowaleta hatukifikirii, na mama ambaye fedha zake zimo ndani ya mbao zake hatumfikirii pia.

Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Viktoria. Ukitokea Mwanza unapanda meli asubuhi na kufika Nansio baada ya saa tatu au zaidi, kutegemea meli na ziwa. Njia nyingine ni ya gari kupitia Bunda hadi Kisorya, kisha unavuka mlango mwembamba wa maji kwa kivuko hadi Rugezi. Ni nchi ya mawe makubwa, mashamba ya mihogo, michungwa, na mitumbwi kila upande. Mgeni hupewa ugali wa udaga na sato aliyevuliwa usiku uleule.

Tulikwenda akina mama watano wa kanisa letu kwa semina ya afya ya familia. Mimi nililala kwa mama mmoja wa ushirika wa huko, mwenye watoto wanne. Uani kwake, chini ya mwembe, palikuwa na mtumbwi unaoundwa. Watoto walicheza humo, kuku walitaga ndani yake, na kila jioni mume wake na mzee fundi waliongeza ubao mmoja au miwili. Nilikaa siku sita, na kila nilipotoka kwenye semina nilivuta kigoda nikatazama.

Jinsi unavyoundwa

Mzee fundi hakuwa na mchoro wowote. Kipimo chake kilikuwa kamba yenye mafundo, na jicho lake. Kwanza hulazwa mkuku, yaani boriti moja ndefu na ngumu ambayo ndiyo uti wa mgongo wa chombo. Zamani mkuku ulikuwa wa mvule. Siku hizi mvule umeadimika na ni ghali, hivyo fundi hutafuta mti mwingine mgumu usiooza upesi. Mtumbwi huu ulikuwa mdogo, urefu wake futi 20 hivi, wa kuchukua watu wanne na nyavu zao.

Baada ya mkuku huinuliwa nguzo za mbele na nyuma, kisha mbao hupandishwa kutoka chini kwenda juu. Ndani huwekwa mataruma, ambayo ni kama mbavu za mwili. Mimi niliyezoea kufundisha mifupa kwa kutumia picha, nilifurahi kuona uti wa mgongo na mbavu vikipigiliwa misumari mbele ya macho yangu. Ubao wa kukunja hulowekwa maji, kisha hubanwa kwa kamba kidogo kidogo hadi ukubali. Fundi aliniambia, "Mwanangu, ubao ukiulazimisha siku moja, unapasuka. Ukiubembeleza siku tatu, unakuwa wako."

Mbao ziwe zimekauka vizuri kivulini. Ubao mbichi ukipigiliwa leo, mwezi ujao umesinyaa na kuacha mwanya. Hata mbao kavu zina nafasi katikati yake, ndiyo sababu ya kazi iitwayo kukalafati: nyuzi za pamba husokomezwa kwenye kila mwanya kwa patasi butu na nyundo, kisha hupakwa lami, na juu yake hupigiliwa vipande vyembamba vya bati. Siku ya kwanza majini mtumbwi mpya huvuja kidogo. Mbao zikishanywa maji huvimba, na mianya hujifunga yenyewe. Hata Nuhu, tunasoma katika Mwanzo sura ya 6, aliagizwa kuipaka safina lami ndani na nje. Imani yake haikumwondolea kazi ya kuziba nyufa.

Kazi ya mama katika mtumbwi

Wengine husema uvuvi ni kazi ya wanaume. Mwenyeji wangu ndiye aliyelipia nusu ya mbao, kwa fedha za dagaa aliowanunua mwaloni, akawaanika na kuwauza Mwanza. Yeye ndiye aliyeshona tanga kwa cherehani lake, kwa mifuko ya salfeti aliyoifumua, akaifua na kuiunganisha kwa mishono miwili miwili. Yeye pia ndiye aliyempikia fundi muda wote huo. Kila jioni aliandika katika daftari la shule: misumari kilo ngapi, lami kopo ngapi, fundi amepewa kiasi gani. Nawasihi akina mama, daftari la namna hii ni amani ya nyumba. Fedha iliyoandikwa haileti ugomvi.

Siku ya nne ulitokea ubishi. Mbao zilikuwa zimekwisha, na sasa ilibaki kuutayarisha mtumbwi kwa kazi: makasia, nanga, kamba, taa za sola za kuvutia dagaa usiku usio na mwezi, kopo la kukumbia maji, na nyavu. Fedha iliyobaki ilikuwa ya mama, mgao wake wa kikundi cha kuweka na kukopa. Baba alitaka iongezwe kwenye nyavu. Mama alitaka inunue majaketi manne ya kuokolea.

"Mama watoto," alisema baba, "mimi nimezaliwa ziwani. Jaketi ni la abiria."

"Baba, kaka yako naye alizaliwa ziwani," alijibu mama kwa upole. "Watoto wake ninawalea mimi."

Pakawa kimya. Nilitaka kusaidia, lakini mgeni katika nyumba ya watu hupima maneno. Mzee fundi ndiye aliyenena, bila hata kuinua kichwa kutoka kwenye kazi yake: "Nimeunda vyombo vingi. Kuna vilivyorudi vikielea bila watu. Mbao zangu zilikuwa nzima." Baba hakujibu neno. Kesho yake asubuhi alikwenda Nansio, akarudi jioni na majaketi manne ya rangi ya machungwa, na wavu mmoja badala ya miwili.

Ziwa lenyewe

Ubishi ule haukuwa wa woga wa mwanamke. Watu wa visiwa hivi wanalijua ziwa lao. Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, ndani ya wilaya hiihii ya Ukerewe, na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha. Hizo ni ajali zilizotangazwa. Mtumbwi wa watu watatu ukipinduka usiku, habari yake haifiki mbali. Huishia kwenye matanga ya kijiji. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji duniani, na sehemu kubwa ni katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Katika Ziwa Viktoria mvua za radi na upepo mkali hupiga sana usiku na alfajiri, saa zilezile ambazo mvuvi wa dagaa yuko kazini. Siku hizi Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri kwa watumiaji wa ziwa, na unasikika redioni. Mama anaweza kuusikiliza jioni akipika, kisha akamwambia mumewe kabla hajatoka. Simu ya mvuvi ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji. Filimbi ifungwe kwenye jaketi, kwa sababu gizani sauti ya mtu aliyechoka haifiki mbali.

Mambo ambayo mama wa mvuvi ayajue

Kama muuguzi, naomba niongeze haya machache.

Kwanza, mtu akitolewa majini hapumui, usimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo ili kutoa maji. Mlaze chali mahali pagumu, mwombe mwingine aite msaada, inua kidevu chake, ubane pua, umpulizie pumzi kinywani hadi uone kifua kinainuka. Kisha bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na haraka mara 30, mpulizie pumzi 2, na uendelee hivyo bila kukata tamaa. Akipumua, mlaze ubavu, mvue nguo za maji, mfunike. Hata akisema ni mzima, apelekwe hospitali, kwa maana mapafu yanaweza kuleta shida baada ya saa kadhaa.

Pili, uani penye mtumbwi pana misumari na mabati. Watoto wavae viatu, na chanjo ya pepopunda isikose. Jeraha la msumari lioshwe kwa maji safi na sabuni, na mtu aende kituo cha afya.

Tatu, kichocho kiko katika maji ya pwani ya ziwa, hasa penye majani na konokono. Wavuvi na watoto wao wapimwe, na wameze dawa wakati wa kampeni. Choo kijengwe na kitumike, kwa kuwa ugonjwa huu huanzia kwenye mkojo na kinyesi kinachoingia majini.

Kushusha majini

Kabla ya kushushwa, mtumbwi ulihitaji kuandikishwa na kupata leseni, na namba ikapakwa kwa rangi ubavuni. Kikundi cha kusimamia uvuvi cha mwalo kilikuja kuutazama. Siku ya sita vijana kumi waliubeba mabegani kupitia shamba la mihogo hadi ufukweni, wakiimba. Mchungaji aliomba kwa maneno mafupi, akatukumbusha habari ya Simoni katika Luka sura ya 5, aliyekesha bila kupata kitu, lakini hakuacha kuosha nyavu zake.

Mtumbwi uliingia majini, ukavuja kama fundi alivyosema, na mtoto wa kwanza akakumba maji kwa kopo huku amevaa jaketi lililomfika magotini. Baba naye alivaa lake. Alilifunga kamba zote tatu, mkewe akitazama.

Dada mpendwa, labda nyumbani kwako hakuna mtumbwi. Kuna pikipiki, au lori, au duka. Kila chombo kinachowalisha watoto wako kina mianya yake, na kina jaketi lake ambalo bado halijanunuliwa. Keti na mumeo jioni moja, mfungue daftari, mzungumze kwa upole. Mungu na azilinde safari za nyumba zenu.