Kuchagua Transista na Rezista Darasani

Tunapofundisha umeme katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, mara nyingi huwapa watoto mchoro uliokwisha kuandikwa tarakimu zote. Watoto huunga nyaya, taa huwaka, nasi twaridhika. Lakini duka likikosa rezista iliyotajwa, kazi husimama, kwa kuwa hakuna ajuaye sababu ya kuchaguliwa kwake.

Tuchukue mfano wa kifaa cha kuonya kuwa pipa limejaa. Nyaya mbili huning'inizwa karibu na ukingo. Maji yakizifikia, mkondo mdogo hupita katika maji hadi kwenye besi ya transista, na taa ya LED huwaka. Tuanze na taa, wala si na transista. LED nyekundu huhitaji volti 2 hivi. Betri tatu za tochi hutoa volti 4.5, basi rezista imeze volti 2.5 zilizobaki. Tukitaka mkondo usizidi miliampea 20, hesabu yatupa omu 125. Dukani twakuta 120 na 150. Hapa mwalimu na anyamaze. Mtoto atakayechukua 150, akaeleza kuwa mkondo hautafika miliampea 17 na taa itasalimika, huyo amelielewa somo.

Transista aina ya BC547 hustahimili miliampea 100, hivyo taa yetu si mzigo kwake. Shida ni maji, maana hupitisha umeme kwa unyonge. Ndiyo sababu twapendelea yenye herufi C, ikuzayo mkondo mara 420 hadi 800, kuliko yenye herufi A, ambayo hukuza mara 110 hadi 220.

Rezista ya besi kazi yake ni kuikinga transista siku nyaya za pipani zitakapogusana. Omu 2,200 yafaa, 1,000 yafaa, hata 4,700. Ajabu ni kwamba wanachuo wengi huitafutia hii hesabu kamili, ilhali ile ya taa, isiyotaka mzaha, wameikisia tu!

Tahadhari pia na miguu. BC547 ikielekezwa uso wake bapa kwetu, miguu chini, kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita. Nyingine za umbo lilo hilo huanza na emita. Na zile zing'olewazo katika redio kuukuu za miaka ya 1960, nyingi ni za jerimani na hutaka betri igeuzwe. Tuziweke katika kisanduku chake peke yake, kabla watoto hawajaingia darasani.