Kuandikisha Kampuni Si Mwisho wa Kazi



Naleta kwenu habari za nyumbani kwetu, mkoani Singida, nikitumaini kwamba zitamfaa mtu anayefikiri kufanya biashara pamoja na ndugu zake.

Mwezi wa Machi, mwaka 2022, mimi, mdogo wangu na shemeji yetu twaliandikisha kampuni ya kukamua mafuta ya alizeti. Siku hizi BRELA, yaani ofisi ya serikali inayoandikisha makampuni, hupokea maombi kwa mtandao. Kijana mmoja wa mjini alitusaidia, na hati ikatoka. Furaha yetu haikuwa na kifani. Shemeji aliitia hati katika fremu ya mninga, tukaitundika ukutani, mama akapika pilau. Tukaona kazi imekwisha. Kumbe hata haijaanza!

Mashine yetu ilichelewa, mavuno ya mwaka ule yakatupita. Twalikaa kimya mwaka mzima tukisema, "Hatujauza hata kibaba kimoja, serikali itatudai nini?" Mwezi wa Juni, mwaka 2023, mashine ikiwa tayari, nalikwenda halmashauri kuomba leseni ya biashara. Karani akaniuliza, "Namba ya mlipa kodi iko wapi, mzee?" Nikampa namba yangu. Akaitazama, akatabasamu.

"Hii ni yako wewe. Ya kampuni iko wapi? Kampuni ni mtu mwingine."

Neno lile lilinishangaza, lakini ndilo msingi wa mambo yote. Kampuni ikiisha kuandikishwa, machoni pa sheria ni mtu. Ina jina lake, mali yake, madeni yake na kodi yake. Basi ni kama mtoto mchanga: cheti cha kuzaliwa hakimlishi wala hakimvishi.

Nikaenda TRA kuomba namba ya kampuni. Huko nikafundishwa kuandika makadirio ya kodi ya mwaka, ambayo hulipwa kwa mafungu manne, moja kila miezi mitatu. Kampuni hutozwa sehemu 30 katika kila mia ya faida. Nikaambiwa pia kwamba, kwa kuwa tumepanga ghala, kila tunapolipa pango yatupasa kukata sehemu 10 katika mia na kuipeleka TRA. Mwenye ghala alinuna sana, hata alipoonyeshwa kwamba fedha ile ni kodi yake mwenyewe iliyolipwa kwa jina lake.

Baada ya hayo ndipo leseni ikatoka. Lakini kulikuwa na aibu nyingine. Kila mwaka kampuni hupaswa kupeleka BRELA taarifa yake: wenye hisa ni nani, wakurugenzi ni nani, ofisi iko wapi. Hupelekwa hata kama kampuni imelala bila kufanya kazi yo yote. Sisi hatukuipeleka, basi tukatozwa faini ya kuchelewa. Hati ilikuwa ukutani, faini inaongezeka mwezi kwa mwezi, nasi hatuna habari.

Hata hivyo, faini haikutuuma kama jambo lililofuata. Tulikuwa hatujafungua akaunti ya benki kwa jina la kampuni. Mafuta yakiuzwa, fedha zilikaa mfukoni mwa aliyeuza. Siku moja mdogo wangu aliuza mashudu kwa shilingi 180,000, akamlipia mwanawe ada ya shule. Shemeji alipopata habari, alimwita mwizi mbele ya watu. Mdogo wangu akanijia akitetemeka.

"Kaka, mashine hii si tulinunua sisi? Fedha hizi si zetu?"

Nilikosa la kumjibu, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimelipa nauli zangu kwa fedha zile zile. Kwa muda wa wiki tatu shemeji hakukanyaga kwetu, na dada yangu alikuwa akilia katikati ya mume na ndugu.

Mama ndiye aliyetuita sote. Hakuuliza nani mkosaji. Alisema, "Leteni daftari." Hatukuwa nalo. Akasema, "Basi mnagombania nini, na hakuna ajuaye kilichopo?"

Siku ile ile twalinunua daftari mbili. Moja ni ya mapato na matumizi, ambayo sheria yataka itunzwe pamoja na stakabadhi zake kwa miaka mitano. Ya pili ni ya mikutano. Ukurasa wake wa kwanza unasema kwamba shilingi 180,000 ni mkopo wa mkurugenzi, utakatwa kidogo kidogo. Na nauli zangu nazo zikaandikwa hivyo hivyo. Ukurasa wa pili ni azimio la kufungua akaunti, na kwamba fedha zisitolewe ila kwa sahihi za watu wawili. Benki ilitaka azimio lile, pamoja na hati, katiba ya kampuni na namba ya mlipa kodi. Halafu twaliwaandikia mkataba vijana wetu wawili wa mashine, tukawaandikisha NSSF, wakizeeka wasiachwe mikono mitupu.

Wazee walinena kweli: mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba na undugu hupotea pamoja nayo.

Siku hizi shemeji huja kwetu kila Jumapili. Mwezi uliopita nalitaka kuchukua fedha kidogo za kuezekea nyumba. Mdogo wangu akafungua daftari, akakohoa, akasema, "Kaka, tukae kikao kwanza." Naliudhika kidogo, kisha nikavuta kiti, nikakaa.