Ofisi ya Ustawi Ilipoacha Kufungwa Ijumaa

Nilipoajiriwa kuwa afisa ustawi wa jamii katika hospitali ya mkoa, miaka ya tisini, uchangiaji wa gharama za matibabu ulikuwa bado mgeni. Serikali ya Tanzania ilianza kutoza ada katika hospitali zake mwaka 1993, ikabidi apatikane mtu wa kutenganisha asiyeweza kulipa na asiyetaka kulipa. Kazi hiyo nikapewa mimi. Chumba changu kilipakana na dirisha la mhasibu. Tulifungua pamoja saa 1:30 asubuhi na kufunga pamoja saa 9:30 alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Hakuna aliyeshangaa, maana ustawi ulihesabiwa kuwa mkono wa uhasibu: nisome barua ya mtendaji wa kijiji, niulize maswali mawili matatu, nigonge muhuri wa msamaha.

Hospitali yetu, hata hivyo, iko kando ya barabara kuu, na majeruhi wa mabasi na malori walifika usiku. Wanawake walipigwa na waume zao Jumamosi baada ya pombe. Kila Jumatatu nilikuta yaliyolundikana tangu Ijumaa: majeruhi asiyejulikana jina, kichanga kilichoachwa wodi ya wazazi, mzee aliyepewa ruhusa na daktari Ijumaa mchana lakini bado yuko kitandani kwa kukosa fedha, huku fomu za msamaha zimefungiwa kabatini. Bili yake ilikuwa imeongezeka kwa siku tatu za kitanda, nazo tukazisamehe. Kwa maneno mengine, tulimzuia mtu aliyepona, tukamlaza mgonjwa mwingine sakafuni, kisha tukafuta deni tulilolitengeneza wenyewe.

Mzigo wa siku hizo uliwaangukia wauguzi. Walichangishana nauli za wagonjwa, wakawanunulia vichanga maziwa ya kopo, wakapiga simu kwa vocha zao kuwatafuta ndugu. Waliyafanya hayo kwa huruma, juu ya kazi ya wodi nzima, bila mamlaka ya kuamua lolote.

Kilichotuondoa kwenye mazoea ni kesi za watoto waliofanyiwa ukatili. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU ni lazima zianze ndani ya saa 72 tangu tukio. Kwa mtoto aliyebakwa Ijumaa saa 12 jioni, ofisi ikifunguliwa Jumatatu asubuhi, zaidi ya saa 60 zimekwisha kupita. Ni kweli, dawa hutolewa na daktari, naye yuko zamu. Lakini nani ataamua mtoto alale wapi usiku ule, ikiwa yeye na aliyemdhuru wanakaa nyumba moja? Nani atakwenda na mama yake kwa polisi kuchukua fomu ya PF3, na kuhakikisha hashawishiwi kuyamaliza kifamilia? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka afisa ustawi awe mbele katika kumlinda mtoto. Ulinzi huo hauna maana ukiwa na saa za kufunga.

Vilipoanza vituo vya mkono kwa mkono, ambako daktari, polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto na afisa ustawi humhudumia mwathirika mahali pamoja, na sisi tukapanga zamu. Tulianza na simu ya idara, ya vitufe, iliyopokezanwa baina yetu kila jioni. Baadaye tukafungua Jumamosi, kisha siku za kazi hadi saa 2 usiku. Kikwazo kikubwa kilikuwa nje ya geti: ofisi ya mtendaji imefungwa, mahakama imefungwa, barua ya utambulisho itatoka wapi? Tukakubaliana na uongozi wa hospitali kwamba afisa wa zamu atoe kibali cha muda, mgonjwa aende nyumbani, barua ifuate ndani ya wiki. Kwa watoto tukaandaa orodha ya watu wa kuaminika walio tayari kugongewa mlango usiku.

Nilitarajia zamu hizo zitatuletea dharura zaidi. Kumbe faida kubwa niliyoiona ni kwamba jioni ndipo ndugu wanapokuja. Nakumbuka mzee mmoja wa kiharusi, upande wa kulia umepooza. Mchana alikuwa akikaa naye mjukuu tu, binti wa shule ya msingi, na faili letu likasema hana ndugu wa kumhudumia. Saa ya kuona wagonjwa ya jioni akaja mwanawe, fundi mwashi, saruji ikiwa bado mikononi. Alinisikiliza nikieleza kuhusu vidonda vya kulalia na haja ya kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili, halafu akasema, "Mama, kumbeba nitambeba. Lakini mchana nikiwa saiti, nani atamgeuza?" Jumamosi alirudi na dada yake na jirani yao, tukaketi kando ya kitanda tukagawana saa, na yule binti akarudi darasani. Kwa miaka mingi tulikuwa tumepanga maisha ya wagonjwa na watu wasio na uamuzi, kwa sababu wenye uamuzi walikuwa kazini tulipokuwa wazi.

Nimestaafu sasa, na bado najua hospitali za wilaya zenye afisa ustawi mmoja tu, anayepigiwa simu usiku bila posho wala usafiri. Wapo wanaodhani Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itaimaliza kazi yake. Bima itapunguza fomu za msamaha, nami naiombea ifanikiwe. Lakini kadi haimtafutii majeruhi ndugu zake, haimpi mtoto pa kulala, wala haimfundishi fundi mwashi kumgeuza baba yake. Kwa hiyo nawaomba wakurugenzi na waganga wafawidhi: mnapopanga zamu za madaktari na wauguzi, liandikeni na jina la afisa ustawi kwenye ratiba hiyo hiyo, na posho yake iwekeni kwenye bajeti hiyo hiyo.