Kinyama Kimoja Hakitoshi

Fomu ya maombi huja na maneno mawili tu: "kuhara damu." Ndani ya chupa ya formalini mna kinyama kimoja cha milimita chache, nami natakiwa niseme kama mgonjwa ana uvimbe sugu wa utumbo.

Mimi ni daktari wa patholojia, Kanda ya Ziwa. Chini ya hadubini, utumbo mpana wenye afya una nidhamu: vijitezi vyake vimesimama wima kama meno ya chanuo, ncha zao zikifika kwenye utepe mwembamba wa msuli ulio chini. Hiyo nidhamu ndiyo ninayoikagua kwanza. Seli za usaha zikijaa ndani ya kijitezi, wengi hushtuka, kumbe hata bakteria wa kuhara kwa siku chache huleta hayo. Kijitezi kilichopinda, kilichotoa matawi au kilichofupika kisifike chini, hicho kimeumizwa kwa wiki kadhaa. Na seli za plazma zikisongamana pale chini, juu tu ya msuli, nashuku ugonjwa sugu hata kabla vijitezi havijapinda.

Sugu, lakini upi? Huku kwetu kinyama hichohicho kinaweza kuwa na yai la kichocho lenye mwiba ubavuni, au amiba aliyemeza chembe nyekundu za damu. Granuloma, yaani vifundo vya seli za kinga, zimo katika ugonjwa wa Crohn na zimo katika kifua kikuu cha utumbo. Zikiwa kubwa, zimeungana na katikati zimeoza, naegemea kifua kikuu. Rangi ya Ziehl-Neelsen isipoonyesha bakteria, bado sikiondoi. Ubishi huu si wa vitabuni: steroidi zinazomtuliza mwenye Crohn zinaweza kumtoboa utumbo mwenye amiba, au kukipa nguvu kifua kikuu.

Basi ninyi mnaoshika kamera ya kuchungulia utumbo, chukueni vipande viwili viwili kutoka sehemu tano au zaidi, zikiwemo rektamu na mwisho wa utumbo mwembamba, hata panapoonekana pazima, maana Crohn huruka maeneo. Kila sehemu iwe na chupa yake. Andikeni kuhara kulianza lini na dawa zipi zimeshatumika (na mwandiko usomeke, jamani). Hali ya mgonjwa ikiruhusu, vipande vichukuliwe kabla ya steroidi kuanza.